Kiti cha Mbele

Jumatatu, 1 Aprili 2024. Nyacheki.

Daftari la saba naanza leo. La sita lilijaa juzi nikiwa bado nahesabu makalvati, ikabidi mawili ya mwisho niyaandike ndani ya jalada. Hili ni la kurasa 96, jalada la bluu. Nimelinunua hapa sokoni kwa kijana niliyemfundisha Kiswahili hadi kidato cha nne. Alijua ni la nini.

"Mwalimu, bado unaandika barabara?"

"Bado."

"Na gari je?"

Nilichukua chenji yangu nikatoka. Swali hilo limenifuata tangu nilipoajiriwa. Wenzangu katika chumba cha walimu walichukua mikopo ya sako wakanunua magari. Mimi niliuchukua wangu nikajenga jiko, uliobaki nikaununulia ng'ombe. Wanashangaa. Mtu anajua kwamba ile A1 inayopita katikati ya mji wa Kisii huanzia Isebania mpakani na Tanzania, ikapitia Migori na Rongo, ikaendelea Oyugis, Sondu, Ahero, Kisumu, Kakamega, Kitale na Lodwar hadi mpaka wa Sudan Kusini, na mtu huyo huyo hana leseni! Mimi nami nawashangaa wenye leseni wasioyajua hayo. Ila nikisema kweli, si ajabu. Dereva haioni barabara. Anaona shimo, tuta, na taa nyekundu za aliyemtangulia. Anayeiona ni abiria wa kiti cha mbele, asiye na kazi ya mikono.

Masharti ya daftari ni yale yale: tarehe, mahali, hali ya hewa. Ajali siandiki. Hizo magazeti yanazimaliza.

Leo mawingu, mvua hakuna.

Alhamisi, 4 Aprili.

Kesho tunafunga shule. Kidato cha pili wamepima barabara kwa uzi. Ramani ni ya 1:50,000, kama watakayoikuta kwenye mtihani wa KCSE, sentimita mbili kwa kilomita moja. Unalaza uzi juu ya barabara, unaufuatisha kona kwa kona, kisha unaunyoosha juu ya rula. Darasa lilitulia hata nikasikia kuku wa jikoni. Nimewakumbusha ufunguo: mstari mwekundu usiokatika ni barabara ya misimu yote yenye lami, mwekundu wa mkatomkato ni ya misimu yote isiyo na lami, halafu zile zinazopitika kiangazi tu, halafu vijia.

Msichana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, hii ya misimu yote ikikatika masika, ramani wanaibadilisha?"

Nilicheka, nikaona wenzake hawacheki. Ramani zenyewe zilichorwa kabla hawajazaliwa.

Mchana, Kiswahili, mada ya shada. Mfano ni ule wa kila kitabu: barabara. Mkazo ukiwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, baraBAra, ni njia ya magari. Ukiurudisha nyuma, baRAbara, ni sawasawa, vizuri kabisa. Nimeufundisha mfano huu miaka 27 nikingoja siku maneno hayo mawili yatakapokutana hapa kwetu. Kamusi inalo pia neno baraste kwa barabara kuu, neno zuri, lakini sijamsikia mtu wa Kisii akilitamka. Sisi twasema lami, kwa maana ya kitu na njia yenyewe: "nangoja gari pale lami".

Jumanne, 9 Aprili. Kangemi, Nairobi. Mvua kuanzia Narok.

Kiti cha mbele nilikipata kwa kuamka saa tisa usiku. Mwana wa ndugu yangu alinifikisha Kisii na Probox yake, nikiwa na mkungu mmoja wa ndizi na kuku wa dada yangu. Kufika steji, matatu ya kwanza ya Nairobi ilikuwa na mtu mmoja tu, tena mwanamume, tena kiti cha mbele. Nilimwambia natapika nikikaa nyuma. Mungu anisamehe, sijawahi kutapika garini maisha yangu yote.

Safari ni zaidi ya kilomita 300 na sikusinzia hata moja. Keroka tuliipita bado giza. Mji ule umeketi juu ya mpaka wa kaunti mbili, Kisii na Nyamira: unaweza kununua chapati kaunti moja ukaimalizia kaunti nyingine. Baada ya Sotik ni Kaplong, njia panda ninayoipenda kuliko zote za upande wetu. Ya kushoto inakwenda Litein na Kericho kwenye chai, yetu inaelekea Bomet. Nimeona wasafiri wakipita Kaplong wamelala na midomo wazi. Kwangu hapo ndipo Kisii inapokwisha, hata kama ramani inasema iliisha zamani.

Dereva aliniuliza kama ninaandika ripoti ya serikali. Nikamwambia la, naandika barabara. Akaendesha polepole kwa nusu saa nzima, nadhani hakuniamini.

Hii tunayoiita ya Narok, wazee bado wanaijua kwa jina la B3. Mwaka 2016 serikali ilizipanga barabara upya na namba nyingi zikahama. Zile A109 na A104 tulizozikariri shuleni, ukitoka Mombasa hadi Malaba kupitia Nairobi, sasa ni A8 moja. Nilikasirika wiki nzima mwaka ule, kama mtu aliyebadilishiwa jina la mtoto wake bila kuulizwa. Sasa nimezoea. Lakini daftari la kwanza hadi la tatu bado yanasema A104 na sitayafuta.

Karibu na Suswa nilikaa wima. Machi 2018, mvua kama hizi zilifungua ufa mkubwa bondeni na barabara hii ikakatika. Picha zilizunguka dunia nzima, watu wakasema Afrika inapasuka vipande viwili. Leo tumepapita bila dereva kuondoa mguu kwenye mafuta. Niligeuza shingo nikapatazama hadi pakaisha.

Halafu Mai Mahiu, maji moto kwa Kikuyu, na ule mpando. Barabara hii ya ukingoni ilijengwa na wafungwa wa kivita wa Italia wakati wa Vita vya Pili, na kanisa dogo lililo kando yake walilijenga wao mwaka 1942. Ni dogo kweli, halizidi sana jiko langu. Huwa najiuliza waliteremka wapi kuchota maji ya saruji. Mambo kama hayo hayaandikwi popote. Tukapanda, mbele yetu malori yakinguruma kwa gia ya kwanza, bonde lote la Longonot likiwa chini kulia, hadi Rironi tulipoingia A8. Nilifika Kangemi nikiwa na kurasa nne. Kuku alifika hai.

Ijumaa, 12 Aprili. Nairobi.

Mtoto wa dada yangu anaendesha teksi. Nilimwomba anipandishe ile barabara ya juu, Nairobi Expressway, kutoka James Gichuru hadi Mlolongo.

"Mama mdogo, Mlolongo unaenda kufanya nini?"

"Kurudi."

Alicheka hadi akafuta macho, lakini alinipeleka, na tozo nililipa mimi kwenda na kurudi. Ni kilomita 27. China Road and Bridge Corporation ndiyo iliyoijenga, na magari yalianza kuruhusiwa tarehe 14 Mei 2022. Nimeingoja karibu miaka miwili.

Hukumu yangu: ni safi, ni laini, na haina kando. Barabara zote ninazozipenda zina kando. Kuna mama wa mahindi, kuna fundi viatu, kuna mtoto anayemkimbiza mbuzi, kuna njia ndogo ya miguu iliyoandamana na lami kama mbwa na bwana wake. Kule juu watembea kwa miguu hawaruhusiwi, bodaboda hawaruhusiwi, na huwezi kusimama ukatazama. Umepandishwa, umeshushwa. Nilichofurahia ni mapaa. Nairobi nimeijua kwa miaka mingi kwa sakafu yake. Sikujua watu wanaanika nguo nyingi hivyo juu.

Jumapili, 14 Aprili. Njiani.

Kurudi, kiti cha nyuma kabisa. Sina la kuandika.

Jumatano, 17 Aprili. Nyacheki. Mvua kutwa.

Mwana wa ndugu yangu amekuja kunywa chai, akaacha ufunguo mezani makusudi. "Shangazi, shika nikufundishe. Siku mbili tu."

Nikamweleza hadithi ambayo hata mama yake haijui. Mwaka 1998 nilijiandikisha shule ya udereva mjini Kisii. Walianza kutufundisha kwenye ule ubao. Kila aliyesomea leseni Kenya anaujua: meza yenye mji uliochorwa, barabara, mizunguko, njia panda, reli, na vigari vya kuchezea ambavyo mwanafunzi anavisukuma kwa kidole huku akieleza. "Naingia mzunguko, natoa nafasi kwa walio upande wangu wa kulia." Nililipenda somo lile hadi mwalimu akanitumia kufundisha wenzangu. Wiki tatu nilikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Ilipofika siku ya kukaa kwenye gari lenyewe, niliwasha, nikaendesha kama mita 200, na nikagundua kitu. Ule mji wote ulikuwa umepotea. Nilikuwa sioni ila bati la mbele na bodaboda. La, wakati ule bodaboda zilikuwa za baiskeli, na hata hizo zilikuwa chache. Alikuwa mtu na mkokoteni. Nilisimamisha, nikamshukuru mwalimu, nikarudi kesho yake kuuliza kama ule ubao unauzwa.

Kijana alinitazama kwa muda. "Ulikuwa unauzwa?"

Haukuwa unauzwa.

Jumapili, 21 Aprili. Jua asubuhi.

Jana Sabato, kwa hiyo kazi ya barabara imengoja leo. Mzee jirani aliendesha greda miaka 30 kabla ya kustaafu, na ndiye mtu pekee hapa ambaye hajawahi kuniuliza kuhusu gari. Nilimkuta kwenye njia yetu ya chai, hii ya maramu inayotelemka kutoka kwenye kilima hadi kituo cha kupimia majani. Ina makalvati 11. Niliyapa namba kwenye daftari la pili.

"Mwalimu, hii barabara haina mgongo tena," akasema. Kisha akanieleza, nami naandika kama alivyosema. Barabara ya maramu lazima iwe na mgongo kama wa kobe, maji yasikae juu yake. Kwa kila mita unayotoka katikati kwenda ukingoni, ishuke sentimita tano. Hii ina upana wa mita sita, kwa hiyo katikati panapaswa kuwa juu ya ukingo kwa sentimita 15. Mgongo ukilika, maji yanakaa, gurudumu linayakanyaga, shimo linazaliwa. "Si gari linaloua barabara. Ni maji. Gari linazika tu."

Tulipima. Uzi wa darasani, vijiti viwili, na chupa ya maji iliyolazwa kuwa pimamaji. Tulipata sentimita nne. Vijana wa bodaboda walikusanyika, wakadhani tunapima shamba, mmoja akauliza nani anauza.

Mzee akaniambia jambo la pili, nalo ndilo lililonikaa. Maji ya mitaro hayawezi kusafiri na barabara kilomita nzima, yatapata nguvu yaichimbe. Kwa hiyo kila baada ya hatua kadhaa huchimbwa mtaro wa kuchepusha, unaotoka ukingoni kwa mshazari na kuyamwaga shambani. "Na mwenye shamba?" nikauliza. Akacheka kicheko cha mtu aliyetukanwa na wenye mashamba miaka 30. "Mwenye shamba anauziba usiku ule ule."

Jumanne, 23 Aprili. Mvua kubwa, saa nane hadi saa kumi na mbili.

Lori la chai limekwama kalvati la nne. Maji yalipita juu ya barabara badala ya chini yake. Majani yatalala kituoni usiku kucha, na majani ya chai yakilala yanaungua yenyewe kwa joto la rundo. Watu wamekasirika. Wengine walibeba magunia kichwani hadi juu, wakateleza. Kalvati lile lilibadilishwa miaka michache iliyopita. Mkandarasi alisema kazi ya miezi mitatu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii ya kwetu ilichukua mwaka na nusu, na akaweka bomba la sentimita 45. Mzee anasema alipinga tangu siku ya kwanza. La 60 mtu anaweza kuingiza jembe akalizibua, la 45 ukishindwa na mkono umeshindwa.

Nilisimama mvuani na mwavuli nikichora maji yanavyokwenda. Mama mmoja aliyebeba gunia alinipita akasema, si kwa ubaya, "Mwalimu, chora na sisi."

Nimemchora.

Ijumaa, 26 Aprili. Usiku. Stima imepotea tangu saa moja.

Naandika kwa taa ya simu. Sentensi ya yule mama haijanitoka. Ni kweli kuna kitu cha kitoto katika jambo hili. Miaka iliyopita nilisoma gazetini kwamba Uingereza kuna chama cha wapenda mizunguko ya barabara. Wanaisafiria, wanaipiga picha, wanatoa kalenda, kila mwezi na mzunguko wake. Nilikata habari ile nikaibandika kwenye daftari la nne. Nilifurahi kama mtu aliyegundua ana ndugu ng'ambo. Mume wangu, Mungu amrehemu, aliisoma akasema, "Basi si wewe peke yako. Sijui kama ni habari njema."

Ninayempenda zaidi katika mambo haya ni Margaret Calvert, mzaliwa wa Afrika Kusini. Yeye na Jock Kinneir ndio waliobuni alama za barabarani za Uingereza zilizoanza kutumika Januari 1965, na zetu zinafanana nazo sana. Alama ya watoto wavukao barabara ilikuwa hapo kabla na mvulana akiongoza. Calvert aliigeuza, akamweka msichana mbele amemshika mkono mvulana mdogo, na msichana huyo alimchora kutoka kwenye picha yake mwenyewe ya utotoni. Nimewasimulia wasichana wangu hilo kila mwaka. Wanaotoka shuleni wakijua kitu kimoja tu cha barabara, nataka wajue hicho.

Lango la shule yetu halina alama hiyo. Tuliomba. Tunaendelea kuomba.

Jumatatu, 29 Aprili.

Leo tulikuwa tufungue. Redio ya alfajiri ikasema muhula umesogezwa wiki moja kwa sababu ya mafuriko. Saa mbili baadaye ikasema Mai Mahiu. Maji yameshuka usiku kijijini Kamuchiri, yamebeba nyumba na watu waliokuwa wamelala. Makumi wamekufa. Barabara imekatika. Siku 15 zilizopita nilipita pale nikiwa kiti cha nyuma, sikuandika kitu.

Najua sheria yangu kuhusu ajali.

Jumanne, 30 Aprili. Mvua.

Wizara ya Maji imeeleza: chini ya tuta la reli kulikuwa na mfereji wa kupitishia maji, ukazibwa na udongo, mawe na miti. Maji yakajikusanya nyuma ya tuta kama bwawa, kisha yakapasua.

Nilikaa na simu mkononi. Halafu nikavaa gambuti nikaenda kalvati la nne.

Safari hii sikutazama kalvati. Nilipanda na mtaro kuelekea yanakotoka maji, hatua kwa hatua, nikitafuta mitaro ya kuchepusha. Wa kwanza upo, umejaa nusu. Wa pili upo. Wa tatu haupo. Mahali pake pamepandwa nepia, imekomaa, imekatwa vizuri juzijuzi. Ni nepia ya mama yangu. Ninaikata mimi. Maziwa ya chai ninayokunywa nikiandika barabara yanatoka kwenye mtaro huo.

Nimepita hapo labda mara elfu mbili na daftari mkononi.

Ijumaa, 3 Mei.

Rais ametangaza shule zisifunguliwe hadi itakapotangazwa tena. Basi sina kisingizio cha kazi. Nimekwenda kwa mama.

Kwa Ekegusii mama ni baba, na baba ni tata. Kila mwaka kidato cha kwanza nina mtoto anayeandika insha kuhusu baba yake aliyemzaa na kumnyonyesha. Lakini nikiwa na jambo zito na yeye mimi huongea Kiswahili, nikijificha nyuma yake. Alijua.

"Mtaro ulikuwa pale," nikasema. "Tuliuziba."

"Niliuziba mimi," akasema. "Wewe ulikuwa chuoni. Maji yale yalikuwa yanakula shamba langu kila masika, yakanifungulia bonde hadi kwenye migomba. Nani alikuja kuniuliza? Barabara ilipopimwa hapa nilikuwa msichana. Chifu alitoa watu wachimbe kwa majembe, baba yangu akiwemo, bila malipo. Wakatwaa ardhi. Halafu wakatuletea na maji."

Sikuwa na jibu. Mzee wa greda hana jibu pia, nilimuuliza jioni. Alisema tu kwamba enzi zake wao walichimba mtaro wakaondoka, na kwamba mtaro mzuri hauishii shambani. Unapangwa mawe hadi chini, uyafikishe maji kwenye kijito yakiwa yametulia. "Lakini mawe hayakuwa kwenye bajeti, Mwalimu."

Jumapili, 5 Mei. Mawingu.

Mama amekubali kwa sharti lake: mawe kwanza, jembe baadaye. Mtaro usifunguliwe hata shubiri moja kabla mawe hayajafika kwenye kijito.

Mwana wa ndugu yangu amebeba mawe na Probox, safari sita, akilia juu ya springi zake. Vijana wanne wa bodaboda wamekuja kwa chai, mandazi, mboga ya mama ya chinsaga na obokima, ugali wetu. Mzee alikaa kwenye kiti chini ya mwavuli akielekeza kwa fimbo. Tulianza saa tatu. Kufikia saa kumi tumepanga mawe mita 31, bado kama 20. Mimi nimebeba mawe na nimepima kwa uzi. Mgongo unaniuma.

Yule mama wa gunia alipita. Akaweka kikapu chini, akabeba mawe matatu, akaendelea na safari yake.

Jumatano, 8 Mei.

Tarehe imetoka: shule Jumatatu, tarehe 13. Mawe yamefika kijitoni jana jioni. Leo nimekata nepia yote, mama akitazama. Ng'ombe atakula mabua ya mahindi. Mtaro umefunguliwa saa tano asubuhi. Maji kidogo tu, ya mvua ya usiku, yalitembea juu ya mawe polepole. Mama aliyafuata na fimbo yake hadi chini, akarudi, hakusema kitu. Kwake hiyo ni pongezi.

Nimeandika kwa ofisi inayohusika kuhusu kalvati la nne na mgongo wa barabara. Barua kurasa mbili, michoro miwili, vipimo vyote. Nakala iko ndani ya jalada.

Jumamosi, 11 Mei.

Mvua usiku kucha. Sikulala. Sabato, sikwenda kutazama hadi baada ya kanisa. Ukingo wa shamba umelika kidogo mahali pamoja, jiwe moja limehama. Migomba mizima.

Jumatatu, 13 Mei. Jua, upepo kidogo.

Shule. Nimekwenda kwa miguu, nikazunguka kwa njia ya chai makusudi. Kalvati la kwanza hadi la tatu: wazi. La nne: maji yanapita chini, tope limebaki theluthi moja, halizibuki kwa mkono. La tano na la sita: wazi. La saba: limeziba nusu, tairi la baiskeli ndani. La nane hadi la kumi na moja sikuyafikia, kengele ililia.

Barua haijajibiwa. Yule msichana wa swali la ramani amerudi. Nimempa uzi na penseli nyekundu akarekebishe ufunguo anavyoona yeye.

Lori la chai limepita saa kumi na moja na dakika ishirini, limejaa.